Sataranji shuleni: mtoto anafaidika na nini hasa?

Phiona Mutesi alipoanza kwenda kwenye mafunzo ya sataranji ya Robert Katende huko Katwe, Kampala, alikuwa ameacha shule, na kilichomvuta kwanza ni uji waliogawiwa watoto. Sataranji ilimrudisha darasani, ikampeleka Olimpiadi ya mchezo huo, na hatimaye chuo kikuu Marekani. Maisha yake yalitengenezewa filamu mwaka 2016.

Mzazi anayesikia habari hiyo huamini kwamba mtoto akicheza tu, alama zitapanda. Watafiti wamelipima jambo hilo. Uingereza, shule 100 zilihusishwa katika utafiti ambao baadhi ya watoto wa miaka 9 na 10 walifundishwa sataranji na wakufunzi kutoka nje ya shule. Ripoti ya mwaka 2016 ilionyesha kuwa mwaka mmoja baadaye hawakuwazidi wenzao katika hisabati.

Katika mji wa Aarhus, Denmark, mambo yalikwenda vingine. Kipindi kimoja kati ya vinne vya hisabati kwa wiki kiligeuzwa kuwa hisabati inayofundishwa kwa sataranji. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha alama zimepanda, hasa kwa watoto waliokuwa wakichoshwa na shule. Tafiti hizi mbili zinatofautiana kwa mengi, lakini moja linamhusu kila mwalimu: Aarhus mchezo ulifungamanishwa na somo lenyewe.

Kufungamanisha huko si kazi ngumu. Ubao una miraba 64, na kila mmoja unatambulika kwa herufi, a hadi h, na namba, 1 hadi 8. Mtoto anayeandika kwamba farasi wake yuko f3 tayari anasoma majira ya nukta kama atakavyoyasoma kwenye grafu. Kete nazo zina thamani: askari 1, farasi 3, ngome 5, malkia 9. Mwalimu anauliza: "Ukitoa ngome zako mbili ili umchukue malkia wake, nani amepata?" Mtoto anajumlisha, anatoa, anagundua kwamba angepoteza pointi moja.

Swali la pili ndilo lenye uzito: "Ukienda hapo, mwenzako atajibu nini?" Hapo mtoto hujizuia asikimbilie hatua ya kwanza inayomjia. Ni tabia ileile anayoihitaji mbele ya fumbo la hesabu, ambako wengi hukosea kwa kukokotoa kabla ya kulisoma swali hadi mwisho.

Shule isiyo na seti inaweza kuchora ubao kwenye boksi na kutumia vizibo vya soda vilivyoandikwa majina ya kete. Waanze na askari peke yao, wanane kwa wanane, na anayefikisha askari upande wa pili kwanza ndiye mshindi. Kete nyingine ziongezwe mojamoja, na kila mchezo ukiisha mtoto aeleze kwa maneno yake kwa nini alicheza alivyocheza.