Wosia wa Penseli

Kuandika wosia hakuui mtu. Naanzia hapo kwa sababu nimechoka kuambiwa, kuanzia Bahi mpaka Kongwa hapa Dodoma, kwamba mzee anayetaja mgawo wa mali yake anajichulia. Wasioandika nao hufa. Tofauti ni kwamba watoto wao nawakuta kwenye benchi la Mahakama ya Mwanzo, wanagombea usimamizi wa mirathi kana kwamba msimamizi ndiye mrithi. Siye. Yeye hukusanya, hulipa madeni, hugawa, kisha hutoa hesabu mahakamani.

Uongo wa pili umevaa suti. Mtoto anatoka mjini na hati ya nguvu ya kisheria, baba anaweka dole gumba, basi, watu wanaona mambo yamekwisha. Kwa Sheria ya Mikataba, uwakala hukoma aliyeutoa akifa, na hukoma pia akipoteza akili timamu. Yaani mzee akishaanza kuwaita wanawe kwa majina ya ndugu zake waliokufa, karatasi ile ni ya kufungia karanga. Hapo njia ni moja: ripoti ya daktari, ambayo wengi wetu huku huifuata Hospitali ya Mirembe, kisha maombi ili mahakama, chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, imteue wa kusimamia mali yake.

Nilikusudia nusu ya sura hii iwe ya watoto wenye ulemavu wa akili. Lakini kuna daftari linanizuia kwenda kwa mpango.

Lililetwa na mjane kutoka vijiji vya zabibu, limefungwa kwenye kipande cha kitenge. Marehemu alikuwa ameandika kwa penseli, herufi kubwa zilizopinda: ng'ombe wagawane wakubwa, ekari mbili za zabibu ni za kitinda mimba, binti asiyeweza kusema wala kujilisha. Hakuna tarehe. Hakuna shahidi.

Sheria za wosia za kimila, Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963, zinataka wino au chapa, tarehe, na mashahidi: wawili kwa anayejua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, wanne kwa asiyejua. (Mwislamu ana utaratibu wake, na wosia wake hauvuki theluthi ya mali.) Watu huziona sheria hizi kama ushamba. Mimi naziona zimewajua binadamu. Zinaruhusu hata kumnyima urithi mtoto aliyemtelekeza mzazi wakati wa njaa au ugonjwa, na katika nchi iliyopitia njaa kuu ya Mtunya sina haja ya kueleza njaa ni nini. Ila mtoto huyo lazima apewe nafasi ya kujitetea. Ukiandika kimyakimya tu kwamba fulani asipate kitu, umempa kesi ya kushinda.

Mzee yule alihitaji kalamu ya wino, tarehe, jirani mmoja, ndugu mmoja, na mstari wa kumtaja atakayelitunza shamba kwa niaba ya binti. Au angekwenda kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), ambao huandika na kuhifadhi wosia.

Nilimsomea mjane ule ukurasa mara mbili. Akaufuta vumbi kwa kiganja, akauliza:

"Mwanangu, tukipitisha wino juu yake sasa?"

"Hapana, mama."

Akalifunga tena kwenye kitenge.