Mchezo wa mtandaoni wa tangu 2001 bado unapata wageni: Mwanao anaingia na nani?

Kijana anayefungua mchezo wa Old School RuneScape kwa mara ya kwanza kwenye simu yake hapewi bunduki wala gari la mashindano. Anajikuta kisiwani, hana kitu zaidi ya nguo alizovaa, na miongoni mwa masomo ya mwanzo ni kukata mti, kuwasha moto na kuvua uduvi. Baadaye anaoka mkate, anachimba madini na kufua kisu. Picha zenyewe zina pembe pembe, kama za kompyuta za zamani.

Masomo yakiisha anapelekwa mji wa Lumbridge, na hapo ndipo ugumu unapoanza. Pembeni yake wanapita wachezaji waliovaa mavazi yenye thamani ya mamilioni ya sarafu za mchezo. Baadhi yao walianza kucheza kabla yeye hajazaliwa.

Je, mchezo mkongwe namna hii unaweza kumpata mgeni leo, na mgeni huyo akabaki? Kwa mzazi, swali hili si la biashara ya kampuni tu. Mchezo unavyozeeka, wachezaji wake nao wanakua. Waliokuwa wanafunzi sasa ni watu wazima wenye kazi na familia. Mtoto anayeingia leo anaketi kwenye baraza la wakubwa.

Ulivyonusurika

RuneScape ilibuniwa Uingereza na Andrew Gower akisaidiana na ndugu yake Paul, ikafunguliwa Januari 2001. Ilichezwa ndani ya kivinjari cha intaneti, hivyo haikuhitaji kompyuta ya bei kubwa wala kununua diski. Sehemu kubwa ilikuwa bure. Mwanafunzi aliyepata kompyuta ya maktaba kwa nusu saa aliweza kuingia na kuendelea pale alipoishia jana.

Baadaye mambo yaliharibika. Mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzoni mwa 2008, kampuni ya Jagex inayoumiliki mchezo huo iliweka vizuizi vikali vya biashara na mapigano kati ya wachezaji, ikipambana na watu waliokuwa wakiuza sarafu za mchezo kwa fedha halisi. Wachezaji wengi walikasirika. Mwaka 2012 likaja gurudumu la bahati nasibu ambalo mtu aliweza kununua nafasi za kulizungusha, na Novemba mwaka huohuo mfumo mzima wa kupigana ukabadilishwa. Wakongwe wakasema huu si mchezo wao tena, wakaondoka.

Mwaka 2013 kampuni ilifanya jambo ambalo si la kawaida katika biashara hii: ilirudi nyuma. Ilikuwa na nakala ya mchezo ulivyokuwa Agosti 2007. Ikawauliza wachezaji kwa kura kama wanautaka. Zaidi ya watu 400,000 walipiga kura, na tarehe 22 Februari 2013 toleo la zamani likafunguliwa pembeni ya lile jipya, kwa jina la Old School RuneScape.

Ilikuwa rahisi kudhani kwamba ni hamu ya ujanani tu, na kwamba watu wangecheza miezi michache wakachoka. Haikuwa hivyo. Toleo hilo lilikua likalipita lile lililoendelea kubadilika. Mwaka 2025 kuna nyakati ambapo zaidi ya watu 200,000 walikuwa ndani ya mchezo kwa wakati mmoja.

Mlango wa mgeni

Hamu ya wakongwe pekee haiwezi kuleta idadi hiyo. Kuna milango iliyofunguliwa kwa wageni.

Wa kwanza ni simu. Oktoba 2018 mchezo uliingia kwenye simu za Android na iPhone, na akaunti ikawa ileile inayotumika kwenye kompyuta. Kwa kuwa picha zake ni za kizamani, haudai simu ya kifahari. Uzee ambao ungeweza kuwa aibu ukageuka faida.

Wa pili ni kura. Mabadiliko makubwa hupelekwa kwanza kwa wachezaji, na hayapiti bila asilimia 70 ya kura. Hata stadi ya ubaharia, iliyoongezwa Novemba 2025, ilianza kwa kuombewa ridhaa. Wenyeji hawashtukizwi, hivyo hawaondoki, na mgeni anapofika anakuta mji una watu.

Wa tatu ni mashindano ya msimu yaliyoanza mwaka 2019. Kila mtu anaanza na sifuri, tajiri na fukara, na baada ya wiki kadhaa msimu unafungwa. Mkongwe ana ujuzi zaidi, lakini kwa muda huo hana mali iliyomtangulia.

Hata hivyo, mlango ulio wazi haumkalishi mgeni. Ukishatoka kile kisiwa cha masomo, mchezo haukwambii nini cha kufanya. Hali ni kama ya bao. Ni wachache waliojifunza bao kwa kusoma kanuni. Mtu anakaa pembeni ya wazee, anatazama kete zinavyokwenda, anachekwa, siku moja anapewa nafasi. RuneScape nayo inarithishwa hivyo, kutoka kwa kaka, rafiki wa shule au mzazi aliyecheza zamani. Mgeni asiye na mwenyeji huchoka mapema, au hupata mwenyeji asiyemfaa.

Wenyeji wasiofaa

Hapa ndipo mzazi anapotakiwa kufungua macho. Utapeli ndani ya mchezo huu una historia ndefu karibu sawa na mchezo wenyewe.

Kuna anayesimama sokoni akitangaza kwamba ukimpa sarafu atakurudishia mara mbili. Mara ya kwanza anarudisha kweli, ili ulete nyingi zaidi. Kuna anayejitolea kukunakshia vazi lako la chuma bure, ukimkabidhi, anatoweka. Mwingine anamwongoza mgeni hadi Nyikani, eneo ambalo wachezaji wanaruhusiwa kuuana na kuchukuliana mali. Na wapo wanaotuma viungo vya kurasa za uongo zinazoahidi uanachama wa bure, ili mtoto aandike neno lake la siri.

Mzazi aliyewahi kupokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" ataitambua mbinu hii mara moja. Mtoto hajawahi kuupokea. Akipoteza vazi alilolihangaikia mwezi mzima, machozi yake ni ya kweli, na mara nyingi ataona aibu kusema.

Kabla ya kusema ndiyo

Masharti ya kampuni yanataka mchezaji awe amefikisha miaka 13. Mtoto akidanganya umri ili apite, mzungumzeni kabla ya jambo jingine lolote.

Fungueni akaunti pamoja, kwa barua pepe ambayo mzazi anaweza kuifikia, na muwashe ulinzi wa hatua mbili. Mwambie kwamba neno la siri haliombwi na mtu mwema yeyote, hata anayejiita mfanyakazi wa kampuni.

Kuhusu fedha, sehemu ya bure inatosha kwa miezi mingi ya mwanzo. Uanachama una ada inayojirudia, na kadi ya benki ikishahifadhiwa, makato huendelea yenyewe. Kununua sarafu kwa watu binafsi kunavunja kanuni na kunaweza kufungisha akaunti.

Kuhusu muda, fahamu hesabu moja. Stadi hupanda hadi ngazi ya 99, lakini kila ngazi ni ndefu kuliko iliyotangulia. Kufika 99 kunahitaji alama zaidi ya milioni 13, na mchezaji aliyefika ngazi ya 92 amekusanya takriban nusu tu ya alama hizo. Kwa hiyo mtoto akikwambia amebakiza ngazi saba amalize, yuko katikati ya safari. Pia kazi nyingi, kama kukata miti, huendelea muda mrefu bila kuguswa, na atasema haimsumbui akiwa anasoma. Lakini kila dakika chache jicho litarudi kwenye simu. Muda wa masomo, simu ikae mbali.

Muhimu kuliko yote, kaa naye mwanzoni. Katika kasri la Lumbridge kuna mpishi anayeomba yai, maziwa na unga ili aoke keki. Ameomba hivyo tangu Januari 2001. Mtoto atalazimika kutafuta banda la kuku, kukamua ng'ombe na kusaga ngano kwenye kinu cha upepo. Kazi hiyo haichukui muda mrefu. Mzazi aliyekaa pembeni ataona nani anamsalimia mwanawe njiani, wanamwambia nini, na yeye anajibuje.