Mizunguko miwili kabla ya stata

Ukitoka stendi ya Nyabugogo ukashika barabara ya kaskazini, ile iendayo Gatuna mpakani na Uganda, huhitaji kibao kukwambia kuwa umefika Gatsata. Bampa zinaning'inia ukutani, milango ya Corolla imeegemezwa mmoja juu ya mwingine, na kila anayepunguza mwendo hufuatwa na vijana wanaouliza gari linaumwa nini. Huku chini ya mlima Jali ndiko Kigali inakotibia magari yake. Ndiko yanakoletwa pia yaliyoumizwa na matibabu.

Katika hayo, linalouma zaidi ni lile lililobadilishwa mkanda wa taimingi kwa wakati wake, kisha mkanda ukafungwa vibaya. Mwenye gari hakuzembea. Alihesabu kilomita zake, akaona 100,000 zinakaribia, akalipeleka gereji likiwa zima. Likatoka likivutwa kwa kamba.

Mkanda huo ni mpira wenye meno, na kazi yake ni hesabu tupu: krankishafti izunguke mara mbili, kamshafti izunguke mara moja, siku zote. Kampuni ya Glas ya Ujerumani ndiyo iliyouingiza kwenye magari ya kuuzwa, mwaka 1962, na tangu hapo watengenezaji wengi waliupenda kwa kuwa ni mwepesi, hauna kelele na hauhitaji oili. Kwenye dizeli za Toyota zilizozoeleka katika Hilux na Hiace za zamani, 3L na 5L, mkanda huohuo unaendesha pia pampu ya dizeli. Kwa hiyo fundi ana alama tatu za kulinganisha: ya kranki, ya kamu na ya pampu. Kila alama ni kikato kidogo tu, mara nyingi kimezibwa na grisi na vumbi. Asiyekifuta kwa kitambaa anakisia.

Akikosea jino moja, gari huenda likawaka, ila litatetemeka, litatoa moshi na kukosa nguvu mlimani, na Kigali ni milima mitupu. Akikosea meno kadhaa, valvu inakuwa bado imefunguka pistoni inapopanda. Dizeli hizo hubana hewa kwa uwiano wa takriban 22 kwa 1. Juu ya pistoni hamna nafasi ya kupishana, hivyo zinagongana. Corolla za petroli za miaka ya 1990 zenye injini ya 4A-FE ni tofauti: mkanda ukikatika zinazima tu, unafunga mwingine safari inaendelea. Kwa maoni yangu, injini hiyo ya kusamehe imewalemaza mafundi wengi. Wamejifunzia kwake, kisha wanaifungua dizeli kwa mkono uleule.

Kinga ya kosa hilo haina gharama. Mkanda ukishafungwa na kukazwa, unatia spana kwenye bolti ya kranki na kuizungusha injini kwa mkono, taratibu, mizunguko miwili kamili, kisha unatazama alama tena. Mbano wa silinda utausikia, lakini huo unalegea ukiusubiri. Ukikuta kizuizi kigumu kisicholegea, unaacha hapohapo na kufungua upya. Bado hakijaharibika kitu. Ni kazi ya dakika chache, na ndiyo inayorukwa jioni mteja akiwa amesimama mlangoni na ufunguo mkononi. Stata haina subira ya mkono. Ikishagonga, imegonga.

Hedi ikishushwa, ushahidi uko wazi: kwenye uso wa pistoni kuna alama za mwezi mwandamo, zinang'aa katikati ya masizi. Valvu ukiiviringisha juu ya kioo, kichwa chake kinayumba. Zilizopinda hazinyooshwi, zinatupwa. Gaidi za valvu zinakaguliwa, hedi inapelekwa kwa mchongaji kusawazishwa, na valvu mpya zinasagwa kwenye viti vyake kwa dawa ya kusagia na kijiti chenye mpira wa kunyonya, kikisuguliwa kati ya viganja. Halafu fundi makini anamimina petroli kwenye tundu za hedi na kwenda kunywa chai. Akirudi akakuta upande wa pili ni mkavu, valvu zimekaa.

Ukaguzi wa polisi hautakuokoa na hili. Breki na taa vinapimwa, lakini mkanda uko chini ya kava. Mwenye gari ndiye wa kusema, "Fundi, izungushe kwa mkono nikiona." Wapo watakaonuna. Mwenye kazi yake hanuni.

Hesabu ya hedi, valvu na gasketi ikizidi, wengi huchagua injini nzima ya mtumba. Ni uamuzi unaoeleweka, ila kilomita ilizotembea injini hiyo hazijulikani, wala aliyeifunga mara ya mwisho. Kwa hiyo kabla haijatiwa kwenye gari, kitu cha kwanza kufunguliwa ni kava la mkanda.