Sura ya Tano: Tazama Kondo Kabla ya Kalenda

Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote kuhusu farasi mwenye mimba ni hili: "Daktari, siku zake si zimepita?" Mwenye farasi amehesabu siku 340 tangu jike apandwe, na ya 345 ikifika bila mtoto anadai sindano ya uchungu. Siku 340 ni wastani tu. Wapo wanaozaa siku ya 325 mtoto mkamilifu, na wapo wanaovuka 360 bila tatizo lolote. Mimba ndefu peke yake si ugonjwa. Kinachoua ni haraka yetu. Kotisoli, homoni inayomwandaa mtoto wa farasi kwa maisha ya nje, hupanda ndani yake siku mbili tatu tu kabla ya kuzaliwa. Ukimtoa kabla ya hapo umetoa mtoto aliyetimiza umbo lakini mapafu na utumbo wake havijawa tayari. Anayetaka kujua kama wakati umefika apime maziwa: kalsiamu hupanda na uchachu huongezeka kuzaa kukikaribia.

Tuifuate basi mimba tangu mwanzo. Kipimo cha kwanza cha ultrasaundi hufanywa kati ya siku ya 14 na 16, kupitia njia ya haja kubwa, na sababu yake kuu ni pacha. Hapa nakutana na dhana nyingine inayonisumbua, kwamba pacha ni baraka mara mbili. Kwa mbuzi, sawa. Kondo la farasi hushikamana na karibu ukuta mzima wa mji wa mimba, na mtoto mmoja anauhitaji ukuta wote huo. Wawili wakigawana, wote wana njaa. Mmoja hufa, na mara nyingi humvuta mwenzake, mimba ikatoka katika miezi ya mwisho. Kabla ultrasaundi haijaingia katika mashamba ya farasi miaka ya 1980, pacha ndio walioongoza kwa kuharibu mimba za farasi wa mbio. Kufikia siku ya 16 mimba bado ni kifuko cha maji kinachozunguka kutoka pembe moja ya mji wa mimba hadi nyingine. Daktari mwenye mkono mwepesi huvitenganisha vifuko viwili, akakiminya kimoja, na kingine kikaendelea. Usingoje mwezi wa pili. Baada ya siku ya 35 hivi, chembe za kondo huchimba ukuta wa mama na kuanza kutengeneza homoni yao, na hata mtoto akifa huendelea kuitengeneza kwa wiki nyingi. Jike huyo hatashika mimba tena msimu ule.

Baada ya kuuona moyo ukipiga, karibu siku ya 25, na kurudia kipimo mwezi wa pili, wengi hufunga mashine hadi kuzaa. Wanabaki kutazama tumbo: limeshuka, halijashuka, limeinama kushoto. Tumbo halisemi lolote kuhusu afya ya aliyemo. Jambo la kutazama ni kondo, kwa kuwa maradhi mengi ya miezi ya mwisho huanzia hapo. Bakteria hupanda kupitia shingo ya kizazi na kushambulia kondo palepale linapokutana na shingo hiyo. Ndiyo maana tunapima hapo, mbele tu ya shingo, unene wa mji wa mimba na kondo kwa pamoja. Kati ya siku ya 271 na 300 usizidi milimita 8. Hadi siku ya 330, milimita 10. Baada ya hapo, 12. Ukizidi, au ukiona usaha umeingia kati ya tabaka hizo mbili, anza matibabu siku hiyo. Saisi anayemwogesha farasi kila asubuhi anaweza kutangulia mashine: kiwele kikijaa mwezi wa nane au wa tisa, au uchafu ukionekana chini ya mkia, aite daktari. Kiwele cha mapema namna hiyo si dalili ya mama mwenye maziwa mengi, na kipimo cha kalsiamu hakiaminiki kwa farasi huyo.

Kuna mtindo sasa wa kumdunga kila jike projesteroni "ya kushikilia mimba". Mimba changa hutegemea ovari, lakini baadaye kondo na mtoto mwenyewe huichukua kazi hiyo. Homoni za jamii hiyo zina mahali pake, pamoja na antibiotiki, kondo likiwa limeambukizwa. Kumdunga kila farasi bila kupima ni kupoteza fedha, na kunaweza kumzuia ndani mtoto aliyekwisha kufa.

Kwa mpangilio wa sura, sasa ningezungumzia mapigo ya moyo, lakini siwezi kukipita kisa cha jimbo la Kentucky, Marekani. Majira ya kuchipua ya mwaka 2001, madaktari waliokuwa wakipima mimba za miezi miwili huko walianza kuona maji ya mimba yamechafuka na mioyo imesimama, shamba baada ya shamba. Wakati huohuo majike waliokaribia kuzaa walitupa mimba. Watu wakashuku ukungu wa majani, kisha sumu ya sianidi kutoka miti ya cheri mwitu. Mwaka ule viwavi wanaosuka utando kama mahema juu ya cheri hizo walikuwa wametapakaa, wakiteremka mitini na kutambaa malishoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kentucky hawakutosheka na kuhisi: waliwapa majike wenye mimba viwavi hao, na mimba zikatoka. Madhara yaliletwa na ngozi ya nje ya kiwavi, yenye vinyweleo. Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni kwamba vinyweleo hutoboa utumbo na kuwafungulia bakteria njia ya kuingia katika damu, hadi kwa mtoto. Kila ninapomsikia mtu akisema mimba imetoka kwa sababu ya jicho baya la jirani, nawakumbuka watafiti hao. Mimba ikitoka, mtoto na kondo lake viende maabara.

Sasa moyo. Katikati ya mimba hupiga zaidi ya mara 100 kwa dakika, na karibu na kuzaa hushuka hadi kati ya 60 na 90 hivi. Namba moja haitoshi. Weka kifaa chini ya tumbo la mama, ngoja mtoto atikisike: moyo wake unapaswa kwenda mbio, kisha urudi. Usioongezeka kamwe, au unaobaki chini kipimo baada ya kipimo, unamtangaza mtoto anayekosa oksijeni. Rudia kipimo baada ya saa chache, na mpigie simu daktari atakayesimamia uzazi usiku huohuo.