Chozi wa Salama si wa Marekani

Ukitoka Mombasa kwenda Nairobi unaipita Salama, Makueni. Ukilala huko, utaona uani ndege wadogo wanaong'aa wakifyonza mbochi kwenye maua ya mshubiri. Wengi hudhani ni wale wa filamu za Marekani, wanaoelea hewani mbele ya ua. Sivyo, wale wako bara la Amerika pekee. Hawa ni chozi, na mara nyingi hutua ndipo wanywe. Basi picha ni rahisi: asubuhi, jua mgongoni, lenga ua, subiri.

Ukiwawekea maji ya sukari, kipimo kimoja cha sukari kwa vinne vya maji, bila asali wala rangi. Yamwage kabla hayajachacha, yasije yakawadhuru. Huna nafasi ya kuosha chombo? Panda mshubiri.