Binti wa mwezini na majini wa Tanga

Houyi, mpiga mishale wa ngano za Kichina, alitungua majua tisa kati ya kumi yaliyokuwa yakiiunguza dunia, akazawadiwa dawa ya kutokufa. Mkewe Chang'e ndiye aliyeinywa, akapaa hadi mwezini. Kwa nini aliinywa? Inategemea msimulizi: huyu atakuambia ni tamaa, yule atasema aliwahi kabla mwovu hajaiiba. Sue Lynn Tan, mwandishi mzaliwa wa Malaysia, ana jibu lake. Chang'e alikuwa mjamzito, na matabibu walikwishaonya kwamba uzazi ule ungeweza kuondoka naye pamoja na mtoto. Juu ya jibu hilo amejenga Daughter of the Moon Goddess, riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 2022.

Mtoto mwenyewe ni Xingyin, na ndiye anayesimulia. Amelelewa mwezini kwa siri, kwa kuwa mfalme wa mbinguni aliyemfunga mama yake huko hajui kwamba kuna mtoto. Siri inapokaribia kufichuka, binti anatoroka, na riziki inamtupa katika ikulu ya mfalme yuleyule. Anasoma pamoja na mwana wa mfalme, Liwei, anajifunza upinde, anaingia jeshini. Shabaha yake ni moja: siku moja asimame mbele ya kiti cha enzi aombe mama yake afunguliwe. Sehemu hizo nilizisoma kwa pupa. Tan anajua kuandika pambano, lakini anajua zaidi uchungu wa mtu anayekula chakula cha aliyemdhulumu mamake, tena akilazimika kushukuru.

Msomaji aliyepitia madrasa huenda akakunja uso kwa habari za miungu ya mwezi. Asitishike. Hawa wa Tan wana wivu, vyeo, karamu na fitina za jikoni. Akiwasoma kama alivyozoea kuwasoma wafalme wa majini katika Alfu Lela u Lela, kitabu kitampita salama.

Kinachonichosha ni mapenzi. Liwei ni mpole, mzuri wa sura, mwenye adabu, na humaliza kurasa nyingi bila kufanya neno la kukumbukwa. Anapochumbishwa binti wa ufalme mwingine kwa sababu za siasa, ndipo anapoingia Kapteni Wenzhi, mtu wa vita, mwenye ulimi mfupi na siri ambayo sitaitoboa. Wenzhi ana uhai. Lakini binti kuvutwa huku na huku kati ya wanaume wawili tumekwishakuona mno, na mabinti wa Ngamiani, hapa Tanga, wanaofuatilia tamthilia za Kichina zilizotiwa sauti za Kiswahili, tangu enzi za Mao Doudou na mama wakwe zake kwenye TBC mwaka 2011, wataotea mwisho mapema kuliko Xingyin mwenyewe.

Majoka ndiyo yaliyonirudisha kitabuni. Kwetu joka hulinda kisima likidai mwanamwali. Haya manne ya Tan, yaliyotoka katika ngano ya zamani, yaliwaonea huruma binadamu wakati wa ukame, yakawaletea mvua bila idhini ya mbinguni, yakaadhibiwa. Xingyin anapokutana nayo, riwaya inainuka ghafla na kuwa kubwa kuliko nani atamwoa nani.

Wala Uchina si mbali hivyo. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga kwa mfalme Yongle, na watu wa ikulu wakaona ndiye qilin, mnyama wa ngano anayejitokeza zama za mfalme mwema. Kwa hiyo pwani hii imewahi kuwapelekea Wachina ajabu yao wenyewe ikiwa na miguu minne. Na sisi hatujapungukiwa. Hapo Amboni, kilomita chache kaskazini ya mji wa Tanga, watu wangali wakiingia pangoni na nadhiri zao kwenye Mzimu wa Mabavu. Na huyu mzaliwa wa Vibambani, Shaaban Robert, alichapisha Adili na Nduguze mwaka 1952: mji uliogeuzwa mawe, ndugu wawili wa Adili waliogeuzwa manyani kwa sababu ya husuda, na Huria, binti wa mfalme wa majini, akitoa amri kwamba wachapwe kila usiku.

Hapo ndipo ninapomwonea Tan wivu kwa niaba ya Tanga. Amechukua mwanamke ambaye ngano ilimtaja kwa kosa moja tu, akamuuliza sababu, kisha akamzalisha msimulizi. Huria ana uwezo kuliko kila mtu katika kitabu cha Shaaban Robert, lakini tunamwona anapomhitaji Adili au Adili anapomhitaji yeye, basi. Alilelewa vipi katika nyumba ya baba yake? Mama yake ni nani? Alimpenda Adili, au alikuwa akilipa deni la kuokolewa naye? Kijana wa Chumbageni mwenye daftari na usiku mrefu angeweza kuanzia hapo.

Kiingereza cha Tan si kigumu. Mwanafunzi wa kidato cha tano atakimudu. Sehemu ya pili, Heart of the Sun Warrior, ilitoka mwaka uleule, na nitaisoma kwa sababu ya Chang'e. Wachumba nitawapitia juu juu.