Shangazi, Vidonge na Maji ya Moto

Likizo iliyopita shangazi yangu alinipa habari iliyonikosesha raha: ameacha vidonge vyake vya baridi yabisi. "Mwanangu, nimechoka kumeza dawa. Nakwenda zangu Amboni kuoga maji ya moto, basi."

Kule Amboni, karibu na jiji la Tanga, kuna chemchemi za Galanos. Maji yake yana salfa, yananuka kama yai viza, na watu huyaendea kwa ajili ya maumivu ya viungo. Mimi nasoma fiziotherapia, kwa hiyo nilitakiwa kujibu. Sikuweza kumwambia "hiyo ni imani tu", maana si imani tu.

Joto hutanua mishipa ya damu na kulegeza misuli iliyokaza. Halafu kuna kuelea. Ukizama hadi kiunoni, miguu hubeba takriban nusu ya uzito wako. Ukizama hadi shingoni, hubaki kama sehemu moja ya kumi. Goti lililoshindwa ngazi za hosteli linaweza kutembea majini. Tena maji hukandamiza mwili pande zote, hivyo uvimbe wa miguu hupungua. Matope ya moto nayo hupoa taratibu kuliko maji, na mji wa Piešťany huko Slovakia umejipatia jina kwa matope ya salfa. Ufaransa, daktari akikuandikia, bima ya afya ya taifa huchangia gharama za tiba ya siku 18 kwenye miji ya chemchemi kama Dax.

Je, inasaidia kweli? Watafiti wameijaribu kwa watu ambao gegedu la goti limelika, na wengi hupata nafuu ya maumivu kwa muda. Shida ni kwamba huwezi kumficha mgonjwa kuwa yumo majini, kwa hiyo ni vigumu kutenganisha kazi ya maji na kazi ya mapumziko na matumaini.

Ila baridi yabisi ni habari nyingine. Hapo kinga ya mwili ndiyo inayoshambulia viungo, na maji ya moto hayaizuii. Maumivu yanaweza kutulia huku viungo vikiendelea kuharibika kimyakimya. Vidole vikishapinda, havirudi. Vidonge alivyoacha shangazi ndivyo vilivyokuwa vinazuia hilo.

Nilipomuuliza vizuri, kumbe shida haikuwa kuchoka. Vidonge vilikuwa vinamtia kichefuchefu na aliona aibu kumwambia daktari. Tukaenda kliniki pamoja, dozi ikarekebishwa. Amboni pia ameruhusiwa, kwa masharti: maji yawe ya vuguvugu, si ya kuunguza, dakika 15 hadi 20, asiende peke yake, na kiungo kikivimba na kuwa cha moto, asubiri kipoe. Wenye ugonjwa wa moyo, au kisukari kilichotia miguu ganzi, wamwone daktari kwanza.

Na wewe unayepinda mgongo kwenye laptop hadi usiku wa manane, usisubiri boom ndipo uende spa. Taulo lililochovywa maji ya moto na kukamuliwa, dakika 15 begani, kisha inuka utembee. Na kama nyumbani kuna mtu anayesema "nimechoka na dawa", usimbishie kwanza. Muulize zinamfanya nini.